Barua kwa mwanangu anayetaka wodi na PhD kwa pamoja

Mwanangu,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Unauliza kama uipokee nafasi ya PhD uliyopewa ilhali ndiyo kwanza uko mwaka wa pili wa ubingwa wa watoto, na kama mtu anaweza kuhudumia wodi na utafiti asiharibu vyote viwili. Wenzako wanakwambia uwe bingwa kwanza, utafiti utaukuta. Mimi nasema ipokee. Ila nisikilize kwanza uipokeeje.

Mwaka 2009 wewe ulikuwa kidato cha pili, mimi ni nesi wa wodi ya watoto pale hospitali ya Teule, Muheza. Ndipo ulipoanza utafiti wa FEAST, wa kupima kama maji mengi ya dripu yanawasaidia watoto mahututi, Kenya, Uganda na huku kwetu Tanzania. Mtoto analetwa na homa kali, amelegea au anapumua kwa taabu. Namshika unyayo, napandisha mkono taratibu kuelekea gotini, nisikie ubaridi unaishia wapi. Nambonyeza ukucha, naachia, nahesabu: moja, mbili, tatu. Damu ikichelewa kurudi, na mtoto akiwa na vigezo vyote, inafunguliwa bahasha inayofuata kwa namba yake. Bahasha ndiyo inayosema huyu apewe maji mengi ya dripu kwa kasi, au aendelee na dripu ya taratibu.

Ikisema taratibu, roho iliniuma. Sote tulifundishwa kwamba mtoto ambaye damu haimfiki vizuri miguuni anaongezwa maji upesi. Na walioongezwa ulikuwa ukiwaona kabisa: saa moja haijaisha, unyayo umeanza kupata joto, ukucha unarudisha rangi haraka. Mama mtu anakushika mkono anashukuru. Nilikuwa narudi nyumbani nimeridhika, nawapikia, nalala.

Januari 2011 utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, na Mei matokeo yakachapishwa. Katika watoto 3,141, walioongezwa maji kwa kasi ndio waliokufa zaidi. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya walioongezwa kwa kasi albumini (maji yenye protini ya damu) na 10.5 ya walioongezwa kwa kasi maji ya chumvi, lakini 7.3 tu ya wale wa dripu ya taratibu. (Watoto wa kuharisha hawakuwamo, hao maji ndiyo dawa yao, unajua.) Ni watoto watatu zaidi katika kila mia. Mwanangu, hakuna nesi wala daktari anayeweza kuwaona watatu katika mia akiwa amesimama kando ya kitanda. Mimi nilikuwa na miaka mingi kazini, na zile nyayo zilizopata joto nilizishika kwa mikono yangu mwenyewe, nikaamini. Nililia siku tuliyosomewa matokeo. Sikulia kwa aibu, maana tulifanya tulichofundishwa. Niliwalilia watoto wa miaka yote ya nyuma ambao hakuna aliyewahesabu.

Kwa hiyo sitaki usubiri. Swali lile liliulizwa na watu walioshinda na watoto wagonjwa; aliyeuongoza utafiti, Kathryn Maitland, ni daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, Kenya. Wewe sasa hivi uko kwenye raundi kila asubuhi, maswali yanakujia yakiwa mabichi. Ukishakuwa bingwa utapewa vikao.

Sasa sikiliza jambo ninaloliogopa. Kabla ya Muheza nilifanya kazi mahali pengine, na hapo palikuwa na daktari kijana kama wewe, mwema tu. Asubuhi anamtibu mtoto, mchana anamfuata mama yake na fomu ya ridhaa ya utafiti wake. Mama mmoja alitia sahihi. Usiku nikiwa zamu akaniita kwa sauti ya chini: "Nesi, ningekataa, angeendelea kumtibu mwanangu?" Koti ni jeupe lile lile, atajuaje? Mgonjwa unayemtibu wewe, ridhaa aombe mtu mwingine asiyemtibu. Hili usilegeze hata ukibaki na watoto wawili tu wa kufikisha idadi yako. Pale FEAST, mtoto akiwa mahututi, mzazi aliombwa kwa maneno kwanza; karatasi na maelezo marefu vilikuja mtoto akishatulia.

Halafu siku. Usichanganye wodi na utafiti siku moja. Ukitoka zamu ya usiku usiguse takwimu, nenda kalale. Namba moja ukiikosea kwa usingizi itakutesa mwaka mzima. Omba siku mbili za utafiti kila wiki, ziandikwe, na mkuu wa idara na msimamizi wako wote wawili waweke sahihi. Ahadi ya mdomo itakufa siku ya kwanza mwenzako mmoja wa mafunzo ya ubingwa akiugua. Wakikataa kuandika, hapo ndipo useme hapana. Na wakikupa ruhusa ya kuacha wodi miaka mitatu mizima, hiyo pia usiichukue. Mkono husahau. Mshipa wa kichanga ulio kichwani, mwembamba kama uzi, utautafuta huku mama yake anakutazama.

Ubingwa utachelewa, ndiyo. Wenzako watakutangulia na mshahara utakuwa mdogo kwa muda. Hilo sina la kulipunguza.

Mjukuu wangu mlete akae kwangu kipindi cha mitihani. Shule ipo karibu, na ameshaniomba nimfundishe kufuga kuku. Njooni Ijumaa, nitawapokea stendi. Njoo na barua ya msimamizi wako, tuisome wote wawili kabla hujaijibu.

Mama yako