Maswali ya Wasomaji: Jini, Sindano na Shahada ya Uzamili

Mimi ni muuguzi wa stashahada hapa Tanga, miaka minne sasa niko wodi ya akili. Karibu kila familia inasema mgonjwa wao ana jini. Nataka nisome zaidi, na siku moja nifundishe chuoni juu ya imani na afya ya akili. Nianzie wapi? Na kwa sasa niwaulize vipi wagonjwa bila kuonekana nawapima dini?
*Muuguzi, Ngamiani*

Ndugu muuguzi, tuanze na kuuliza, maana hata utafiti wako utasimama hapo.

Mwaka 1996 daktari Christina Puchalski wa Marekani alitunga maswali mafupi yajulikanayo kama FICA. Yanagusa mambo manne: imani ya mgonjwa, uzito wake katika maisha yake, wenzake wa ibada, na jinsi angependa wauguzi waizingatie imani hiyo. Mpango huo ni mzuri, ila ukiutafsiri neno kwa neno unaharibika. Muulize bibi wa Makorora, "Je, wewe ni mtu wa kiroho?" na huenda akadhani unamuuliza kama ameokoka, au kama anapandwa na pepo. Afadhali useme: "Mambo yakikuzidi, bibi, unashika nini?" Kisha: "Nani anakuja kukuombea?" Kisha: "Kuna tiba nyingine mnayoendelea nayo nyumbani?" Mwisho: "Ungependa sisi hapa tukusaidie nini katika hilo?" Dakika tano zinatosha. Uliza baada ya kumpa maji na kiti, na kama mgonjwa atapenda, shemeji na mawifi wakae nje kwanza.

Unapoandika kwenye faili, weka maneno yake mwenyewe: "Amesema kuna mtu anamwita jina usiku." Usiandike "ana mapepo," wala usikimbilie kuandika jina la ugonjwa. Hapo hapo uliza kama sauti inamwamrisha, na kama inamwambia ajidhuru au amdhuru mtu. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake na daktari aitwe wakati huo huo.

Tofauti ya ibada na ugonjwa inaonekana ukitazama kwa utulivu. Anayepandwa kwenye ngoma au dhikri hupandwa mahali na wakati wake, wenzake wakijua kinachoendelea, kisha hurudi akaendelea na shughuli zake. Mgonjwa hapati usingizi, haogi, ameacha kazi, na hali haimwachi hata wenzake wakishaondoka. Na aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, pima joto, malaria na sukari kabla ya kumjadili jini. Hili husahaulika, na ndilo linaloua.

Sasa masomo. Shahada ya uuguzi kwa kawaida ni miaka 4 na mwaka 1 wa mafunzo kazini, uzamili miaka 2, kisha uzamivu. Muhimbili upo uzamili wa uuguzi wa afya ya akili. Matangazo ya ajira za vyuo mara nyingi hutaja GPA (wastani wa alama) ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, kwa hiyo mwaka wa kwanza usiuchezee; alama zikishuka pale ni shida kuzipandisha. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isilale hata ukiwa masomoni.

Mada chagua nyembamba. "Dini na afya ya akili Tanga" haimaliziki. "Wauguzi wa kliniki ya akili wanaandika nini kuhusu imani kwenye mafaili" inamalizika. Saa 1 ya mahojiano yaliyorekodiwa hula saa 4 hadi 6 za kuyaandika, basi watu 20 ni kazi ya miezi. Anza mapema kuomba kibali cha maadili na ruhusa ya mkoa. Jambo linalokwamisha wengi ni ridhaa ya kuhojiwa: aliyelazwa bila hiari yake, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, anaweza kukubali kwa kudhani akikataa hataruhusiwa kwenda nyumbani. Mwanzoni, hoji walio nje wanaohudhuria kliniki.

Asalaam aleikum. Mwanangu anachomwa sindano ya ugonjwa wa akili kila mwezi. Mwalimu wa dini anamwandikia kombe, aya za kuoshwa na kunywewa, naye ametushauri tuache sindano. Tumeacha mwezi mzima na kijana ni mzima. Ramadhani nayo inakuja. Tufanyeje?
*Mama, Bagamoyo*

Waaleikum salaam, mama. Sindano hiyo huwekwa kwenye mafuta na hutoka mwilini polepole, kwa wiki kadhaa. Uzima unaouona leo ni wa dawa iliyobaki. Ugonjwa hurudi baadaye, watu wakiwa wameshasahau kwamba sindano iliachwa. Mrudishe kliniki wiki hii.

Kombe la zafarani na marashi halipigani na sindano. Muulize tu mwalimu kama wino ni zafarani kweli. Usikubali kijana kufungwa, kupigwa, kunyimwa chakula na maji, au kufukizwa chumba kikiwa kimefungwa.

Na akikakamaa shingo, macho yakapanda juu na taya kujifunga, msikimbilie kumsomea. Mara nyingi hayo ni madhara ya dawa kama haloperidoli, na hospitali huyaondoa kwa sindano nyingine kwa muda mfupi.

Kufunga mwulize daktari kwanza. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, Sura ya Bakara aya ya 184. Sindano ya mwezi haiguswi na saumu. Vidonge vya mara moja hunywewa baada ya futari, vya mara mbili futari na daku, baada ya kliniki kukubali. Lithiamu, dawa nyingine ya akili, ni hatari zaidi, kwani maji yakipungua mwilini dawa hupanda kwenye damu: akitapika, mikono ikatetemeka sana, akayumba, afungue na aende hospitali.

Mgonjwa akiniomba nimwombee dua nikiwa zamu?
*Mwanafunzi wa uuguzi, Chumbageni*

Akiomba mwenyewe, na dini yenu ni moja, dua fupi kwa sauti ya chini haina ubaya. Usianze wewe. Dini zikitofautiana, mwitie shehe wake au padri wake. Dawa ya saa ile mpe kwanza.