Maswali ya Wasomaji: Mgeni Anayeipita Wete

Mwezi huu tumepokea barua tatu kutoka Pemba, mbili za Wete na moja ya Mkoani, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: vipi mji wa bandarini uliopoa unaweza kuchangamka tena na kupata wageni. Tumezichapisha kwa ufupi na kuzijibu kwa kirefu.

*

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Utaani, Wete. Nilipokuwa kijana, gati yetu ilikuwa ikijaa majahazi, na msimu wa karafuu ukifika mtu aliinusa Wete kabla hajaiona. Leo meli nyingi za abiria zinatua Mkoani na ndege zinatua Chake Chake. Mgeni anayekwenda msitu wa Ngezi au pwani ya Vumawimbi haingii mjini kwetu, na akiingia, basi ni kwa kutia mafuta gari yake na kuondoka. Tumekaa barazani, wazee kwa vijana, tukaafikiana kuunda kamati ya kuufufua mji. Wapo wanaosema tungoje mwekezaji wa hoteli kubwa, na wapo wanaotaka tuanze na tamasha. Tuanzie wapi?

— Mwalimu mstaafu, Utaani

Wa alaykum salaam, Maalim. Nimefurahi kwamba shauri lenu limeanzia barazani, kwa sababu watu wanaokaa pamoja jioni ndio watakaojua lipi linawezekana na nani atalisimamia.

Mwekezaji msimngoje. Hoteli kubwa za visiwa hivi hufuata mchanga mweupe na bahari ya kuogelea, na Wete haina pwani ya namna hiyo. Wete ni mji wa kilimani unaoteremka hadi kwenye hori lenye mikoko. Ukijipamba ili ufanane na Nungwi, mji wa pwani na mahoteli kule Unguja, mgeni ataona Nungwi iliyopungua, ilhali mnacho kitu ambacho Nungwi haina.

Kitu hicho mnakitazama kila siku ng'ambo ya maji: Mtambwe Mkuu, yalipo magofu ya mji wa kale. Mwaka 1984 zilifukuliwa pale sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo ndogo, zilizopigwa kwa majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani hii, pamoja na chache za dhahabu zilizotoka mbali. Maana yake ni kwamba karibu miaka elfu moja iliyopita, watu wa Mtambwe walikuwa wakiuza na kununua kwa fedha yenye majina ya watawala wa pwani yao wenyewe. Ni miji michache ya Afrika Mashariki inayoweza kumwambia mgeni maneno hayo huku ikimwonesha mahali penyewe kwa kidole. Hata hivyo, mgeni akisimama leo kwenye gati yenu hapati kibao wala mtu wa kumweleza, na hana pa kuulizia chombo cha kumvusha.

Kwa hiyo ningeanza na safari hiyo moja, ipangwe vizuri, kabla ya jambo jingine lolote. Nasema ipangwe kwa sababu bahari ya hapo haina subira. Siku za bamvua maji hupwa sana, hori likabaki matope na mizizi ya mikoko, na nahodha aliyechelewa nusu saa hulazimika kuwateremsha abiria wake mbali na kutembea nao, matope yakiwafika magotini. Maji yakiwa mafu, mambo ni mepesi zaidi. Mvuvi yeyote wa Wete anayajua haya tangu utotoni, lakini mgeni hayajui, na kampuni inayomleta kutoka Unguja haiyajui. Tengenezeni jedwali la mwezi mzima linaloonesha saa za kuondoka na saa za kurudi kwa kila siku, mlibandike gatini na mlipeleke kwa kila nyumba ya wageni ya Wete na Chake Chake. Karatasi hiyo moja itawaletea wageni wengi kuliko picha nzuri, kwa sababu mwenye safari hutaka kwanza kujua kwamba ataondoka na kwamba atarudi.

Magofu yenyewe si yenu kuyachimba wala kuyasafisha kwa majembe. Nendeni kwa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale mapema, muombe mwongozo wa wapi watu wapite na wapi wasikanyage. Vilevile zungumzeni na watu wa Mtambwe kabla ya kumpeleka mgeni wa kwanza. Wale ndio wenye mahali, na haifai Wete ichukue nauli yote huku Mtambwe ikibaki na nyayo za wageni tu.

La pili ni gati na njia inayotoka gatini hadi sokoni. Sitarajii mjenge upya gati, hiyo ni kazi ya Serikali. Nazungumzia ngazi zisizoteleza, kivuli cha kumkinga mtu anayengoja chombo, choo safi chenye maji na mtu anayelipwa kukitunza, na taa. Haya yatamfaa mchuuzi wa samaki na msafiri wa kisiwa cha Fundo kabla hayajamfaa mtalii, na ndiyo sababu ninayapa uzito. Bustani ya Forodhani kule Unguja, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa, hujaa watalii kila usiku, lakini asili yake ni kwamba watu wa mjini wenyewe walikuwa na desturi ya kwenda kupunga upepo na kula pale na watoto wao. Mgeni alikuta watu wamekaa, naye akakaa.

Kuhusu nyumba za zamani za barabara kuu, nakuombeni sana msiziguse kwa saruji. Nyumba ya mawe, udongo na chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka chini au unaoingia na mvua hutoka kupitia ukutani. Ukiufunika ukuta huo kwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi husukuma lipu ikabanduka vipande vipande, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, na mwenye nyumba hudhani nyumba imezeeka kumbe ameinyonga mwenyewe. Tazameni ukuta wowote uliopigwa saruji miaka kumi iliyopita, mguse chini karibu na sakafu, mtaona unga mweupe kwenye vidole. Dawa yake ni chokaa, na kabla ya chokaa ni paa, kwa kuwa nyumba hizi huanza kufa kutokea juu. Kabla ya masika, kamati yenu ipite nyumba kwa nyumba ikitazama mabati yaliyotoboka na mifereji ya maji iliyoziba. Jengo la Beit al-Ajaib kule Mji Mkongwe, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa na jina, hadhi na watu wa kulisemea, na bado sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Nyumba ya kawaida ya Wete haina wa kuisemea ila nyinyi.

Tamasha liacheni lingoje. Tamasha huwajaza watu siku tatu na kuuacha mji na taka na madeni, kama hakuna kitu cha kumrudisha mgeni siku za kawaida. Likija baadaye, lifungamanisheni na karafuu. Msimu wake mkubwa, ukijaaliwa, huanza katika miezi ileile ya kusi ambayo wageni ni wengi visiwani. Kuwaona watu wakichambua vikonyo jioni, na karafuu zikianikwa juani kwenye majamvi, tayari ni jambo la kumvutia mtu aliyetoka mbali, na halihitaji jukwaa.

*

Mimi ni mama wa nyumbani hapa Kipangani, Wete. Mume wangu na mimi tunapika halua, na nyumba yetu ina vyumba viwili vilivyo wazi tangu watoto waolewe. Vijana wa mtaani wanatushauri tuweke wageni. Naogopa mambo mawili: mavazi na mwenendo wa wageni mbele ya wajukuu wangu, na kwamba faida itaishia kwa watu wa kati. Nifanyeje?

— Bi Mkubwa wa Kipangani

Bi Mkubwa, hofu zako zote mbili ni za haki, na nakusihi usimruhusu mtu akakuambia kwamba ni ushamba.

Kwa hiyo ya kwanza, masharti ya nyumba huwekwa kabla mgeni hajafika. Akiyajua mapema, atakayekubali ndiye anayekufaa, na asiyekubali atatafuta pengine bila ugomvi. Andika maneno machache kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni: nguo ya kufunika mabega na magoti nje ya chumba, pombe haingii nyumbani, viatu huvuliwa mlangoni, picha ya mtu haipigwi ila kwa idhini yake. Mwezi wa Ramadhani taja saa za chakula. Wageni wengi wanaochagua kulala nyumbani mwa watu badala ya hotelini huwa wamekuja kuyaona maisha hayo hayo, na wakielezwa kwa upole hufuata. Vilevile, kabla ya kupokea pesa ya kwanza, pita kwa sheha wako, kisha uulize Kamisheni ya Utalii masharti ya kuandikisha nyumba ya kulaza wageni, kwa maana kulaza wageni kwa malipo bila kibali kunaweza kukuletea matatizo.

Kwa hofu ya pili, nitakupa mfano ulio karibu nawe. Kule Kidike, nje kidogo ya barabara ya Chake Chake na Wete, wanakijiji wanawalinda popo wa Pemba, ambao duniani kote hawapatikani ila kisiwani kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hao walikuwa wamebakia wachache mno kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Leo wamerudi kwa maelfu. Mgeni anayekwenda kuwaona hulipa kiingilio pale pale kijijini. Ukitazama utaona siri yake: pesa hupokelewa mahali pamoja, mbele ya watu, na kila mtu anaona kwamba popo aliye hai ana faida. Unguja nako, kijiji cha Pete kinapata mapato kutokana na njia ya mbao iliyopita ndani ya mikoko, na mikoko ile inalindwa kwa sababu hiyo.

Wenye vyumba mjini Wete wakijiunga, hata wakiwa watano, waweke bei moja, zamu moja ya kupokea wageni na daftari moja ambalo mwanachama yeyote anaweza kulifungua. Sehemu ya kila malipo iende kwenye mfuko wa mtaa, na matumizi yake yabandikwe ukutani kila mwezi. Nimeshuhudia kikundi kizuri cha akina mama, katika kijiji ambacho sitakitaja, kikivunjika kwa sababu ya daftari lililokuwa likikaa chini ya mto wa mtu mmoja. Hapakuwa na wizi uliothibitishwa, lakini shaka ilitosha kuwatenganisha.

Sasa nizungumze kuhusu halua, kwa sababu umeitaja kwa neno moja tu na mimi naona ndiyo mtaji wako mkubwa. Halua ya Wete inajulikana visiwani kote. Watu huagizia harusi. Mgeni ataweza kuinunua dukani Unguja, lakini hataweza kukaa kitako karibu na sufuria kubwa la shaba akaona wanga, sukari na samli vikikorogwa bila kusita mpaka mikono ya mkorogaji itetemeke, iliki na zafarani zikitiwa mwishoni, kisha halua ikamiminwa ingali moto kwenye vikapu vya ukili. Muuzie saa hizo mbili za kukaa nawe, kwa bei yake, mbali na bei ya halua. Na aliyesuka kikapu, mtaje jina na umlipe vizuri, kwani kikapu ndicho kitakachobaki nyumbani kwa mgeni halua ikishaliwa.

*

Ni kijana wa Mkoani, nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza changu ni cha wastani. Wageni wanashuka melini hapa kila siku na kupanda gari moja kwa moja. Je, naweza kufanya kazi ya kuwatembeza, au lazima niende Unguja?

— Kijana wa Mkoani

Usihame, mwanangu. Kazi ya kuongoza watalii inataka leseni ya Kamisheni ya Utalii, na ofisi zake Pemba zitakueleza mafunzo na ada. Usianze bila leseni hiyo, hata mgeni akikusihi, kwa kuwa ukikamatwa mara moja jina lako litaharibika kwa madereva na kwa wenye nyumba za wageni.

Lugha ya wastani inatosha kuanzia, maarifa ya wastani hayatoshi. Nenda Chake Chake kwenye makumbusho yaliyomo ndani ya ngome kongwe, ukae siku nzima, urudi tena wiki inayofuata. Fika Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani anayesimuliwa Pemba, ukiwa na mzee wa pale, usikilize anavyosimulia yeye mwenyewe. Waulize wavuvi kwa nini kisiwa cha Misali kinanasibishwa na msala wa Nabii Khidhr, na wakueleze pia sehemu zipi za bahari hairuhusiwi kuvua na kwa nini walikubali. Andika kila kitu kwenye daftari, na pale simulizi mbili zinapopingana ziandike zote mbili, kwa maana mgeni atakayekuheshimu ni yule atakayesikia kutoka kwako kwamba wazee wa hapa wanasema hivi na wachimbuaji wa mambo ya kale wanasema vile.

Kisha simama gatini Mkoani meli inapofika, umevaa nadhifu, leseni shingoni, na usimvute mtu mkono wala mzigo. Kuwa na safari moja tu ya nusu siku unayoijua barabara, bei yake imeandikwa, pamoja na saa ya kumrudisha mgeni. Madereva wanaowapakia wageni leo watakuona mshindani wiki ya kwanza. Wape sehemu yao kwa kila mgeni wanayekuletea, na uwalipe siku ileile, jioni, kabla hawajaondoka gatini.