Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Iliyokwama Katikati ya Kupandishwa

Maswali ya safari hii yametoka Bukavu, na yote yanahusu kompyuta iliyokataa kupanda toleo. Menyu tumeziacha katika Kifaransa, kwa kuwa mashine nyingi za hapa zinaongea Kifaransa.

Jambo, wakubwa. Nina sekretaria ya kuandika na kuchapa karatasi hapa Kadutu. Nimejaribu mara tatu kupandisha Windows 10 iende 11. Inafika karibu nusu, inajizima na kujiwasha, halafu inasema inarudisha Windows ya zamani. Mwisho inaonyesha 0xC1900101 – 0x20017. Fundi wa jirani anasema dawa ni kufomati tu, na faili za wateja zote zimo humo. Nifanye nini?
*Mama wa sekretaria, Kadutu*

Mama, usikubali ifomatiwe. Mashine iliyorudi yenyewe kwenye Windows ya zamani haijafa, na faili zako zipo pale pale. Isitoshe, imekuambia ugonjwa wake. Tunasikitika kila tunaposikia diski nzima imefutwa kwa sababu hakuna aliyesoma ile namba.

Namba ina vipande viwili. Cha kwanza, 0xC1900101, karibu kila mara maana yake ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuelewana na kifaa. Cha pili kinataja mahali kazi ilipokatikia. Tazama tarakimu inayofuata baada ya 0x. Ikiwa 1, Windows ya zamani ilikuwa bado inanakili mafaili. Ikiwa 2, mashine ilikuwa imeshajiwasha upya na kushikwa na mfumo mdogo wa muda. Ikiwa 3, Windows mpya ilikuwa inawaka kwa mara ya kwanza. 4, mara ya pili. Zile 17 za mwisho ni tendo la kuwaka. Kwa hiyo kwako ule mfumo wa muda ndio ulioshindwa kuwaka, na kujaribu mara ya nne bila kubadilisha kitu ni kupoteza saa na umeme.

Sekretaria ina vifaa vingi, na huko ndiko tungeanza. Nakili faili za wateja kwenye diski ya nje, kisha itoe. Zima mashine, chomoa kila kilichopo kwenye USB: printa, skana, modemu ya intaneti, kadi, flashi. Ibaki skrini, kibodi na mausi. Antivirusi uliyoiweka mwenyewe iondoe kabisa, kwa sababu kuisimamisha tu hakuziondoi draiva zake. Ile ya Microsoft itashika zamu yenyewe.

Kuchomoa waya pia hakuondoi draiva. Modemu uliyoiacha kuitumia miaka mingi iliyopita inaweza kuwa bado na draiva yake ndani. Baada ya kushindwa, Windows huandika ripoti yake hapa:

`C:\Windows\Logs\SetupDiag\SetupDiagResults.xml`

Ifungue kwa Bloc-notes (Notepad), utafute neno lenye mwisho `.sys` au lenye mwanzo `oem`. Usipoikuta, andika `C:\$WINDOWS.~BT\Sources\Rollback` kwenye upau wa juu wa dirisha la mafaili (folda hiyo imefichwa, hutaiona kwa macho), ufungue `setuperr.log` na uisome kutoka chini kwenda juu. Kama haimo humo, tazama folda ya jirani yake, `Panther`.

Ukipata jina, fungua Invite de commandes, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kwa « Exécuter en tant qu'administrateur », uandike `pnputil /enum-drivers`. Itatoka orodha ndefu. Kila draiva ina jina kama `oem14.inf`, mtengenezaji wake na tarehe. Tuseme modemu ile ndiyo oem14. Itoe hivi:

`pnputil /delete-driver oem14.inf /uninstall`

Usiguse draiva ya diski wala ya « contrôleur de stockage », yaani kifaa kinachoisimamia diski. Ukiifuta hiyo, mashine inaweza isiwake tena.

Kisha hakikisha diski C ina GB 20 zilizo wazi, na 30 ni bora. Kwenye Nettoyage de disque bonyeza « Nettoyer les fichiers système » ndipo uone takataka kubwa zinazojificha. Ila ukishafuta mabaki ya upandishaji, ripoti tulizozitaja zinaweza kwenda nazo, kwa hiyo soma kwanza, safisha baadaye.

Ikigoma hata hapo, inabaki kusasisha BIOS, ile programu iliyo ndani ya bodi inayoiwasha mashine. Toleo lake jipya hupatikana kwenye tovuti ya aliyeitengeneza kompyuta. Tunakuomba sana, usiiguse siku ambayo umeme unacheza. Kukatika kwa umeme BIOS ikiandikwa kunaweza kuua bodi nzima. Laptopu yenye betri nzima, iliyochomekwa, sawa. Kompyuta ya mezani isiyo na ile betri ya akiba inayoitwa onduleur madukani, hapana.

Ikishapanda, chomeka printa moja moja, ujaribu kila moja kabla ya nyingine. Una siku 10 za kurudi Windows 10 kama kuna kitu hakiendi. Zikipita, Windows huifuta folda ya `Windows.old` na njia ya kurudi inafungwa.

Shemeji aliniletea Windows 11 kutoka ng'ambo ya mpaka ili nisimalize mega zangu. Flashi yangu ya GB 32 ilikuwa tupu, lakini ilikataa ile faili ikisema ni kubwa mno. Niliazima flashi nyingine ikakubali. Sasa inaniambia siwezi kubaki na programu zangu, itafuta. Kwa nini?
*Mwanafunzi, Ibanda*

Ndugu, hizo ni kasoro mbili zisizohusiana. Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, na FAT32 haipokei faili moja iliyozidi GB 4 hata kama flashi ni tupu. Faili ya Windows 11 imepita GB 5. Ifomati flashi hiyo kwa exFAT au NTFS, itakubali.

Kasoro ya pili karibu hakika ni lugha. Ili programu zibaki, lugha ya faili ya kupandishia lazima ilingane na lugha ambayo Windows yako iliwekwa nayo. Shemeji pengine alichukua ya Kiingereza, na yako ni ya Kifaransa. Uhakikishe kwa Invite de commandes, kama msimamizi:

`dism /online /get-intl`

Ukiona `fr-FR`, unahitaji faili ya « Français ». Kuna pia « Français canadien ». Hiyo ni nyingine, haitakufaa. Ukiona `en-US`, basi hata Kiingereza cha Uingereza, `en-GB`, hakilingani.

Ukipata faili sahihi, usiiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi. Njia hiyo haiachi programu hata lugha zikilingana. Washa Windows kama kawaida, nakili faili kwenye diski C, ibonyeze mara mbili, kisha endesha `setup.exe` iliyomo. Ikikuuliza kama ipakue visasisho, chagua « Pas maintenant ». Visasisho vichukue siku utakapopata intaneti isiyokulipisha kwa mega.

Faili iliyopakuliwa kwa intaneti inayokatika-katika huweza kufika ikiwa na kasoro. Ipime kwa `certutil -hashfile C:\win11.iso SHA256`, ukiandika jina la faili yako. Itatoka mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ulinganishe na ule ulio kwenye ukurasa wa Microsoft wa kupakulia. Herufi moja ikitofautiana, faili ni mbovu.

Nilikuwa napandisha Ubuntu 22.04 kwenda 24.04 kwenye kompyuta ya mezani ya shule. Umeme ukakatika katikati. Sasa inaandika "Kernel panic" na "Unable to mount root fs", basi. Maksi za muhula mzima zimo humo.
*Mwalimu, Bagira*

Mwalimu, maksi zako zinaelekea kuwa salama. Maneno hayo yanatisha, lakini kwa kawaida hapa si diski iliyokufa. Kiini (kernel, moyo wa mfumo) kipya cha 24.04 kimeshawekwa, ila faili ya initrd, inayokisaidia kuiona diski wakati wa kuwaka, haijamaliza kutengenezwa. Kiini cha zamani bado kipo, na cha zamani kinajua njia.

Washa, kisha alama ya mtengenezaji ikitokea bonyeza Esc mara moja. Kwenye mashine za zamani shikilia Shift. Menyu ya GRUB, ile programu inayochagua kiini cha kuwasha, itafunguka. Ukibonyeza Esc kupita kiasi utaangukia kwenye `grub>`, na dawa yake ni kuandika `normal` na Entrée, kisha Esc mara moja tena. Hapo walimu wengi wangekwama, maana GRUB inaisoma kibodi kana kwamba ni ya Kimarekani, na ya shule ni AZERTY. Kwa hiyo ili upate `normal`, bonyeza n, o, r, kisha kitufe cha koma, kisha Q, kisha l.

Kwenye menyu ingia « Options avancées pour Ubuntu », uchague kiini chenye namba ya zamani, yaani ndogo kuliko ile ya kipya, kwenye mstari ulioandikwa "recovery mode". Menyu ndogo ikija, chagua `fsck` kwanza, kwa kuwa umeme ulikatika ghafla, kisha `root`. Andika:

`mount -o remount,rw /`
`df -h / /boot`

Kama `/boot`, mahali viini vinapokaa, imejaa 100%, hiyo ni sababu ya pili, na ukiendelea bila kuipa nafasi utakwama tena. Tazama viini kwa `dpkg -l 'linux-image*'`, ukitoe kilicho cha zamani zaidi kwa `dpkg --purge` na jina lake kamili. Usitoe kile kilichokuwasha sasa, ambacho `uname -r` itakutajia. Na usifute kwa `rm` ndani ya `/boot`. Dpkg, inayotunza orodha ya pakiti (programu) zilizowekwa, haitajua kwamba umefuta.

Sasa kazi yenyewe:

`dpkg --configure -a`
`apt --fix-broken install`
`apt full-upgrade`

Dpkg huandika hali ya kila pakiti, hivyo inajua ilipoishia na inaendelea kuanzia hapo. Pakiti zilizokwisha kupakuliwa ziko `/var/cache/apt/archives`, hutazilipia mega mara ya pili, mradi usiandike `apt clean`. Amri ya kwanza ikisimama na kosa, irudie baada ya ile ya pili. Mara nyingi zinahitaji kupokezana mara mbili tatu. Ikiuliza juu ya faili ya mipangilio, bonyeza N, ubaki na yako.

Malizia hivi, kisha uwashe upya:

`update-initramfs -u -k all`
`update-grub`

`lsb_release -d` ikisema 24.04 na `dpkg --audit` ikinyamaza, imepona. Nakili maksi kwenye flashi siku hiyo hiyo.

Kompyuta yangu ina prosesa ya Intel i5-7200U. Nihangaike na Windows 11?
*Kijana wa Panzi*

Hapana, kijana. Kwa namba kama yako, tarakimu ya kwanza baada ya i5- ni kizazi: yako ni cha 7, na Microsoft inataka Intel kuanzia cha 8, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM GB 4 na diski GB 64. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyejiandikisha kwenye nyongeza ya muda (ESU) ya mtu binafsi anapata visasisho vya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Kwa mashine yako tungeweka Ubuntu 24.04. Kuna wanaolazimisha Windows 11 ipite, na kwenye yako itawaka, ila Microsoft haitoi ahadi ya visasisho kwa mashine kama hiyo. Kwenye prosesa ya zamani zaidi kama Core 2 Duo usijaribu hata kulazimisha: toleo la 24H2 la Windows 11 linahitaji amri za prosesa ambazo Core 2 Duo haina, na halitawaka.