Nyonga za Jamani Shepadi

SWALI: Nina Jamani Shepadi dume wa miezi 8. Akikimbia hurusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, na asubuhi huinuka kwa taabu. Aliyeniuzia asema amepungukiwa kalsiamu, nimpe vidonge. Akitimiza mwaka nataka kumpandisha.
Msomaji, Mtangani, Malindi

JIBU: Vidonge viweke kando. Mtoto wa mbwa mkubwa anayekula chakula kamili akizidishiwa kalsiamu, mifupa hukua vibaya. Dalili hizo zinaelekea kwenye nyonga legevu, maradhi ya kurithi yaliyoenea sana katika mbegu hii. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai barabara katika kikombe chake. Kinachezacheza, gegedu inayofunika ncha za mifupa inalika, kisha inakuja baridi yabisi.

Apigwe eksirei akiwa amelazwa usingizi, chali, miguu ya nyuma imevutwa sambamba na magoti yametazama juu. Akiwa macho hukaza misuli, na ulegevu hauonekani. Damu nayo ipimwe: huku pwani kupe huambukiza erlikia, maradhi ya bakteria katika damu, nayo huweza kumchechemesha vivyo hivyo.

Dawa kubwa ni uzito. Pitisha kiganja ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza. Usipozihisi, punguza chakula, hata akikutazama kwa huruma. Sakafu ya vigae tandika mkeka usioteleza. Mtembeze maji yakipwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa. Ule mkavu wa juu unamchosha. Ibuprofeni ya nyumbani usimpe kamwe, huchoma tumbo na kuharibu figo za mbwa.

Kumpandisha, la. Jeni zinazohusika ni nyingi, hata wazazi wenye nyonga nzuri huweza kuzaa mwenye mbovu. Ndiyo maana mnunuzi mjanja huulizia na ndugu wa tumbo moja. Cheti cha ukoo hutaja mababu, hakitaji nyonga. Marekani, shirika la OFA halitoi cheti cha nyonga kabla ya miezi 24.

SWALI: Wangu ana miaka 9. Kucha za nyuma zimelika hadi damu, lakini halii ukimgusa. Ni nyonga pia?

JIBU: Pengine ni neva. Akiwa amesimama, mkunjie unyayo wa nyuma, upande wa juu wa unyayo uguse sakafu. Mbwa mzima huurudisha papo hapo. Akiuacha hivyo, daktari achunguze uti wa mgongo: Shepadi wazee hupatwa na udhaifu wake unaofungamana na jeni ya SOD1, usio na maumivu wala tiba. Mvishe viatu vya mpira akitoka, na kwenye ngazi mpitishie kanga iliyokunjwa chini ya tumbo, umnyanyue nyuma.