Jibu: Binti anataka kuteleza barafuni, tupo Gungu, tuanzie wapi?

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili: binti yako wa miaka tisa aanze na tawi gani la mchezo anaouona YouTube, na wewe wa miaka 41 kama umeshachelewa. Nilipokuwa Nairobi nilikuwa naenda kuteleza kwenye kiwanja cha barafu cha hoteli ya Panari, na siku hizi jioni nafundisha watoto kuteleza kwa viatu vya matairi hapa Mwanga, Kigoma. Huku hatuna barafu, kwa hiyo ataanzia kwenye matairi.

Kwenye Olimpiki, kuteleza kwa kisanii kuna matawi haya: wanaume mmoja mmoja, wanawake mmoja mmoja, pea, na dansi, halafu tangu Sochi 2014 yakaongezwa mashindano ya timu za mataifa. Watu wengi wanachanganya pea na dansi kwa sababu kote unaona mwanamke na mwanaume. Kwenye pea mwanamke ananyanyuliwa juu ya kichwa, anarushwa, anazunguka hewani, anatua mwenyewe. Kwenye dansi huruhusiwi kumrusha mwenzako wala kumpandisha juu ya kichwa. Pointi zinatafutwa miguuni na kwenye mdundo.

Mimi ningemuanzisha na hatua za dansi, hata kama ndoto yake ni kuruka. Chuma cha kiatu cha barafu kina kingo mbili, wa ndani na wa nje, katikati kuna mfereji mwembamba. Kila kitu kinaanzia hapo. Chukua aina mbili za kuruka, Lutz na Flip: zote mchezaji anakwenda kinyumenyume na kuchoma ncha ya kiatu kingine ndipo aruke. Lutz inatoka ukingo wa nje, Flip wa ndani. Ukikosea ukingo, majaji wanakukata hata ukitua vizuri. Sasa mtoto asiyejua amesimama upande gani wa mguu wake utamfundishaje Axel, aina nyingine ya kuruka ambayo anaondoka akitazama mbele na ina nusu mzunguko wa ziada? (Ilia Malinin wa Marekani aliipiga mizunguko minne na nusu mwaka 2022. Acha tu.)

Zoezi lenyewe halina gharama. Chora duara kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, avae viatu vya matairi, asukume mara moja, kisha afuate mstari kwa mguu mmoja, goti limekunjwa, mwili umeegemea ndani ya duara. Baadaye afuate mchoro wa namba nane. Barafuni michoro hiyo ilishindaniwa kimataifa mpaka 1990. Goti likinyooka tu, anatoka nje ya mstari, utaona mwenyewe.

Viatu vya mtumba vya matairi ya mstari mmoja vinatosha kuanzia, ila breki yao iko kisiginoni na inakwaza akirudi nyuma, kwa hiyo ifungue akishajua kusimama bila hiyo. Vumbi letu linaua beringi za matairi. Zitoe, zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe, tia tone la oili ya cherehani. Usioshe kwa maji.

Wewe wala hujachelewa. Marekani, mpango wa Learn to Skate USA una ngazi sita za watu wazima peke yao, na kule Oberstdorf, Ujerumani, kuna mashindano ya watu wazima kuanzia miaka 28. Vaa vilinda viganja, maana mtu mzima akianguka anatanguliza mikono.

Na yule mdau aliyekushauri ununue namba kubwa ili mtoto "akue nacho", mpuuze. Kisigino kikicheza ndani ya kiatu, hakuna ukingo atakaousikia.