Barua kwa mwanangu: hizo wiki tisa zisikunyime usingizi

Mwanangu, meseji yako niliisoma jana usiku na leo asubuhi nimeirudia, nimeona nikuandikie tu maana kukupigia ukiwa na watalii wako kwenye gari najua utakuwa unaitikia "ndio mama, ndio mama" halafu husikii kitu. Unasema mkeo alipima utrasaundi Jumatatu tarehe 3 hapo Arusha, karatasi ikaandikwa wiki tisa, wewe ukarudisha hesabu nyuma wiki tisa ukajikuta uko Serengeti, na sasa unaniuliza mama hii mimba ni yangu kweli? Na hapo hapo unalalamika kwamba ukirudi nyumbani anakufukuza chumbani eti unanuka.

Nianze na hiyo hesabu maana ndo inayokuumiza.

Wiki za mimba hazihesabiwi tangu siku mliyokutana, zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho. Ndivyo ilivyo kila mahali, hospitali ya Mawenzi hivyo hivyo, ya KCMC hivyo hivyo, Ulaya pia hivyo hivyo, kwa sababu siku ya hedhi mwanamke anaiona na anaweza kuikumbuka lakini siku yai lilipotoka nani aliiona? Sasa kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 yai linatoka kwenye siku ya 14 hivi, inaweza kuwahi au kuchelewa kidogo. Kwa hiyo zile wiki mbili za mwanzo ambazo karatasi inaziita mimba hakuna mimba yoyote, tena wiki ya kwanza yuko kwenye siku zake kabisa. Wakikuandikia wiki tisa ujue mtoto mwenyewe ana wiki kama saba.

Chukua kalenda. Nimempigia mkwe wangu leo (usiogope, la kwako sijalitaja, nimeuliza kama mama mkwe mbea wa kawaida) kasema siku zake za mwisho zilianza tarehe 1 Juni. Hesabu mpaka 3 Agosti unapata siku 63, ndo wiki tisa hizo, karatasi haijakosea. Ongeza siku 14 kwenye tarehe 1 Juni unaangukia tarehe 15. Wewe kwa meseji zako mwenyewe ulitoka porini tarehe 11 ukaondoka tena tarehe 20. Yaliyofanyika hapo katikati sio ya mama kuuliza ila kalenda imeshayajibu. Na mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai ndani mpaka siku tano, kwa hiyo hata ukisogeza mbele kidogo au nyuma kidogo bado uko mule mule.

Wala sikucheki, kule kliniki kabla sijastaafu hili swali nimelijibu sana. Vijana wa migodi ya Mererani, madereva wa malori ya Tunduma, wapagazi na maguide wa mlimani, yaani mwanaume yeyote ambaye kazi yake ni kuondoka akija kusoma ile karatasi anahesabu hivyo hivyo ulivyohesabu wewe, na wengine walirudi nyumbani wakapiga mtu. Nimeona ndoa inakufa kwa sababu ya wiki mbili ambazo hazipo. Kama hujamtamkia hilo neno limeze lipotelee tumboni. Kama ulishalisema basi samahani ya kwenye simu haitoshi, tafuta jani la sale, lile la Wachagga la kuombea msamaha, umpelekee kama wazee wetu walivyofanya, sale haikataliwi. Ila yeye ni mtu wa Singida, umweleweshe kwanza maana yake asije akadhani umemletea majani ya kufukiza mbu.

Tarehe ya kujifungua kama unataka kuanza kujipanga kihela ni 8 Machi, siku ya wanawake duniani, ila usiishike sana, ni wachache wanaojifungua tarehe ile ile. Wiki mbili kabla au mbili baada bado ni kawaida.

Sasa hili la kunuka. Najua mjini hapo watakwambia mimba imekukataa, wengine watakufariji kwamba mimba ikimchukia baba mtoto anatoka kopi yake. Hayo waachie wenye vijiwe. Mwenzio mwilini sasa hivi homoni zimepanda sana, ile ya ujauzito yenyewe inapanda kwa kasi ndani ya miezi mitatu ya kwanza na ndo inakaribia kilele chake kwenye wiki hizi hizi za nane mpaka kumi, na kichefuchefu nacho kinaanza kama wiki ya sita na kwa wengi kinakuwa kibaya zaidi hapo hapo kwenye ya tisa. Pua inakuwa kali kupita kiasi. Harufu ambayo juzi alikuwa anaipenda leo inamgeuza utumbo, haichagui ya mume wala ya jirani. Wewe unarudi na dizeli, jasho la siku saba, vumbi, moshi wa kuni za kambini, halafu ili kujisafisha unajimwagia hiyo pafyumu uliyoachiwa na mgeni, sasa hapo si umemuua kabisa? Ukifika oga kwa sabuni isiyo na harufu kali, hizo nguo za safari zisiingie chumbani, pafyumu weka kabatini mpaka mwezi wa kumi. Vitunguu visikaangwe yeye akiwa ndani. Na akikwambia sogea, sogea tu, usianze kumuuliza nimekukosea nini.

Tena kumbuka huyu anashinda saluni na dawa za kulainisha nywele, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi la Agosti la Arusha. Mwombe aongee na bosi wake akae upande wa kusuka kwa sasa, au afungue dirisha na avae glavu, na apate kiti, sio aibu. Akija nyumbani saa moja jioni akaanguka usingizi na viatu ujue sio uvivu. Uchovu wa miezi hii ya kwanza watu hawauelewi kwa sababu tumbo halijaonekana, wanadhani mimba inachosha ikishakuwa kubwa. Kumbe sasa ndo kondo la nyuma linajengwa, damu inaanza kuongezeka, moyo unapiga kazi zaidi, kuna homoni nyingine inayotuliza kizazi ambayo inamlegeza na yeye mwenyewe. Anaamka kukojoa kila saa. Maziwa yanauma hata nguo ikigusa. Na analia, kasema kwenye simu alilia kwa sababu ukwaju uliisha dukani, mimi nikacheka na yeye akacheka halafu akalia tena.

Lingine aliloniambia, na hili ulishike: anaogopa. Kila akienda chooni anaangalia kama kuna damu. Kuna dada mwenzie wa saluni ambaye mimba ilitoka na sasa anaona aliinua ndoo ya maji Ijumaa atakuwa ameharibu. Mwambie hivi, mimba kutoka miezi ya mwanzo inatokea kwa wengi kuliko wanavyosema watu, katika mimba kumi zilizojulikana moja mpaka mbili hazifiki, na nyingi ya hizo ni yai na mbegu zilipokutana mpangilio wa vinasaba ulikosewa tangu siku ile, sio ndoo, sio kukimbilia daladala, sio jicho la jirani. Na yeye utrasaundi imeshaonyesha mtoto yuko ndani ya kizazi na moyo unapiga, hiyo ni habari kubwa, moyo ukishaonekana uwezekano wa kutoka unashuka sana. Msitangaze kama hamtaki, hata sisi tulikuwa tunakaa kimya mpaka nguo zikatae, ila mama yake ajue. Mtoto wa kwanza habebwi ukiwa na siri kwa mama yako mzazi.

Chakula sasa. Usimlazimishe kula sahani, ale kidogo kidogo kila baada ya muda, biskuti kavu au kipande cha kiazi kabla hajainuka kitandani, maji anywe kwa funda sio kwa glasi, tangawizi kwenye maji ya moto inasaidia wengi. Akiweza mtori bila mafuta mengi asante Mungu, asipoweza anachokipata kinatosha kwa sasa, mtoto ana sentimita mbili na kitu tu hahitaji chakula cha watu wawili. Udongo akae nao mbali. Najua zile pemba zinauzwa sokoni wazi wazi na zinanukia mvua, lakini udongo unaweza kuwa na minyoo na madini mabaya kama risasi na unazuia mwili kupata madini ya chuma, halafu mara nyingi ile hamu yenyewe ni dalili kwamba damu iko chini, kwa hiyo akiutamani sana akawaambie wapime wingi wa damu. Dawa ya chango kutoka kwa mtu yeyote, hata shangazi yako wa Kibosho ninayempenda, hapana. Na mbege hapana. Watakwambia mbege ni chakula, sawa ni chakula, ila ni pombe pia.

Kliniki mmeshaenda? Hiyo utrasaundi ya kulipia sio kliniki. Aanze kabla ya wiki 12, na uende nae, kwanza mwenza akiwepo wanawahi kuhudumiwa, pili kuna vipimo vya VVU na kaswende mnapimwa wote wawili na ni vizuri mkasikia pamoja. Watampima presha, mkojo, wingi wa damu na kundi la damu, hilo kundi waulize kama ni hasi maana lina utaratibu wake. Atapewa vidonge vya fefo, vina madini ya chuma na foliki, choo kitakuwa cheusi asishtuke, vikimchefua ameze usiku, asimezee chai. Wiki hizi hawatampa SP, dawa ya kukinga malaria, inaanza baada ya miezi mitatu ya kwanza, lakini chandarua alale nacho hata kama mnasema Arusha hakuna mbu. Dawa nyingine yoyote ya dukani aulize kwanza na aseme ni mjamzito.

Kuhusu lile swali la kukutana uliloandika ukalifuta (niliona, nina miwani mpya) jibu ni ruhusa, kama hatoki damu na daktari hajakataza, na kama yeye mwenyewe anataka. Asipotaka umeshasikia nilichosema kuhusu kusogea.

Mambo ya kumwahisha hospitali usiku huo huo bila kunisubiri mimi wala kutafuta ushauri kwa mtu: damu ukeni, maumivu makali ya tumbo, kuzimia, homa, au kutapika mpaka hata maji hayakai, mkojo umekuwa mchache wa rangi ya chai na anakonda. Hiyo ya mwisho watu wanaiita kawaida ya mimba, sio kawaida, inatibiwa kwa dripu na dawa na anarudi sawa. Wale wengine wa kutapika tapika wengi wao wanapata nafuu kwenye wiki ya 14 mpaka 16 hivi, umwambie kuna mwisho.

Mimi nakuja Jumamosi, Nane Nane, kwa gari la asubuhi, najua foleni ya wanaokwenda maonyesho Njiro itanitesa ila sina jinsi. Nakuja na ndizi mshare na parachichi, nitakaa mpaka urudi safari yako ya Kogatende huko Serengeti. Usimwambie nakuja kumhudumia, mwambie mama anakuja kuona maonyesho, asije akaanza kufagia na kupika kwa ajili ya mama mkwe. Kabla hujaondoka niandikie namba ya yule bajaji wa Sakina anayepokea simu usiku, na mwachie hela ya dharura mkononi, sio kwenye laini yako.

Mama yako