Vijineno vya Kiingereza kwa wanaoanza kazi ya mapokezi

Wengi wanaoanza kazi ya mapokezi katika hoteli zetu za Zanzibar huja na Kiingereza kizuri cha darasani. Wanajua postpone, tolerate, investigate, extinguish. Shida huanza mgeni anaposimama mbele ya kaunta na kusema: "They've put it off till Friday," yaani wameiahirisha hadi Ijumaa. Hapo hakuna neno ambalo mwanafunzi wa shule ya msingi halijui, na bado maana inapotea. Wageni, hasa Waingereza, katika mazungumzo ya kawaida hawaendi kwa maneno marefu ya vitabuni. Wanachukua put, get, go, look, take, run, kisha wanafuatisha kijineno: off, up, out, in, on. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu ya Kiingereza mwaka 1755, alikwishasema kwenye dibaji kwamba hapa ndipo watu wa lugha nyingine hupata tabu kubwa kabisa. Kwa hiyo usidhani hukusoma vya kutosha. Ulisoma, ila sehemu hii haikupewa nafasi yake.

Tabu yetu ina sababu. Kiswahili huweka mwelekeo ndani ya kitenzi: ingia, toka, panda, shuka, vuka, rudi. Mahali hapabadiliki: yupo nyumbani, anakwenda nyumbani, ametoka nyumbani, -ni ni ileile. Na tukitaka kuonyesha jambo linamhusu nani au linaelekea wapi, tunanyumbua kitenzi chenyewe: omba inakuwa ombea, hama inakuwa hamia, isha inakuwa ishia. Mwingereza hufanya kinyume. Kitenzi chake mara nyingi hakikuambii kitu, mwelekeo umo kwenye kijineno kinachofuata, na baada yake huja kihusishi (neno dogo kama of, to au from) cha kumtaja mtu, mahali au kitu. Kwa hiyo usiwahi kujibu baada ya kusikia kitenzi. Subiri kinachokuja nyuma yake.

Chukua sentensi utakayoisema sana msimu wa wageni wengi: "We've run out of towels." Hapo run haina mbio yoyote. Out inabeba kwisha, na of inakitaja kilichokwisha. Kwetu ni "taulo zimetuishia", neno moja limemaliza kazi. Sasa angalia mgeni akiuliza kama zipo taulo: unajibu "Sorry, we've run out," unaishia hapo. Of haionekani, kwa sababu kitu kimeshatajwa na hukitaji tena. Ndivyo ilivyo pia kwa "They've checked out" na "They've checked out of room 12." Kihusishi huja pale tu kinapokuwa na kitu cha kushika. Nimewaona vijana wakikariri run out of kama kipande kimoja, kisha wanasema "we have run out of" na kunyamaza, mgeni anabaki anangoja.

Upande wa pili, kitu kikihamishwa kwenda mbele ya sentensi, kihusishi chake hubaki nyuma na hakidondoki. Chumba walichotoka ni "the room they checked out of." Sisi tunaona sentensi imemalizika kwenye out, kwa hiyo of tunaiacha. Usiiache. Vilevile kwenye swali: "Who do I hand over to?" Sikio letu linaona ile to imening'inia, lakini hapo ndipo mahali pake.

Kubadilishana zamu ni shule nzuri ya jambo hili. Unayeondoka hands over to mwenzako, na unayeingia takes over from yeye. Over ni ileile, ila to inaonyesha kazi inakokwenda na from inaonyesha inakotoka. Ukisema "I'm taking over to Asha" umevuruga kila kitu, na meneja hajui nani yuko kazini. Ukimshikia mtu zamu kwa siku moja tu, ni "I'm filling in for Asha." Mgeni akikuambia anataka catch up on some sleep, anafidia usingizi alioukosa kwenye ndege. Akisema watakuja kesho catch up with the group msituni Jozani, wanawafuata wenzao waliotangulia. On kwa jambo lililolimbikizana, with kwa watu. Hivi viwili ukivishika vizuri, vingine vingi vitafuata: get back to mtu, on au about jambo.

Kuhusu usafiri nitasema zaidi, maana hapa makosa yetu wageni huyasikia haraka. Kote Afrika Mashariki tunasema "the driver will pick you at eight" na "he will drop you." Baina yetu tunaelewana bila wasiwasi. Lakini kwa aliyetoka Birmingham leo asubuhi, pick bila up ni kuchagua, na drop bila off ni kuangusha. Andika kamili kwenye ujumbe: "Our driver will pick you up from the airport and drop you off at the hotel." From kwa anakochukuliwa, at kwa anakoshushwa. Kuhusu vyombo vyenyewe, teksi na gari dogo ni get in na get out of. Daladala, basi, boti ya Dar es Salaam, ndege na bodaboda ni get on na get off. Namna ya kuvitenganisha inayonisaidia kufundisha ni hii: chombo unachoweza kutembea ndani yake, au unachokikalia kwa juu, ni on na off, chombo unachoinama kuingia ukakaa mara moja ni in na out of. Mgeni anayekwenda Nungwi kwa daladala mwambie: "Get on at the bus station and get off at the last stop." Yule wa teksi asisikie get off kutoka kwako.

Viwakilishi vina sheria moja usiyoweza kuikwepa. Unaweza kusema pick up the guests au pick the guests up, zote sawa. Ukiweka them, lazima ikae katikati: pick them up, drop them off, put it off. "Pick up them" haipo. Lakini look after (kutunza) haigawanyiki, kwa kuwa after ni kihusishi halisi: look after them. Vya maneno matatu navyo huwa vizima: run out of them, put up with it (kukivumilia). Simu ina kimoja kinachomweka mtu katikati na bado kinabaki na kihusishi mwishoni: "I'll put you through to the manager," yaani nitakuunganisha na meneja. Hicho kikariri kama kilivyo, utakitumia kila siku. Sikiliza pia mkazo wa sauti. Katika pick them up, sauti hupanda kwenye up. Katika look after them, hupanda kwenye look na kwenye af ya after, na them inamezwa. Katika run out of towels, ile of inakaribia kupotea kabisa.

Kuna kimoja cha kukiangalia kwa makini, go off. "The power's gone off" ni umeme umekatika. "The milk's gone off" ni maziwa yameharibika. "My husband's gone off to Prison Island" ni mume wake ameondoka kwenda Changuu. Sasa saa nane usiku mtu anapiga simu: "The fire alarm's gone off!" Kengele haijazimika. Imeanza kulia, na wewe unatakiwa uinuke kwenye kiti sasa hivi. Aliyejifunza kwamba off ni kuzima atamshukuru mgeni kwa taarifa na kuendelea na kazi yake, na hiyo ni hatari. Daima tazama ni kitu gani kimetajwa kabla ya gone off, kwa sababu kijineno peke yake hakitoshi. Mgeni akikuomba uizime, atasema "Can you turn it off?"

Kwenye barua pepe, kosa linaloonekana kuliko yote ni "We look forward to welcome you." To hii ni kihusishi, si ile to ya kitenzi. Ijaribu kwa kuweka jina: look forward to your visit, inakubali. Kwa hiyo kitenzi kikija huchukua -ing: "We look forward to welcoming you." Linganisha na hope, ambayo haikubali jina hapo: "We hope to welcome you." Na cope (kumudu) haina up. Tunaichanganya na keep up with. Sema "cope with the heat", basi.

Namna ya kujifunza: achana na orodha za vitenzi mia vilivyopangwa kwa alfabeti. Soma maoni ya wageni mtandaoni kuhusu hoteli za pwani yetu, wanaandika kama wanavyozungumza. Nakili sentensi nzima kwenye daftari, pamoja na kitu kilichofuata kihusishi: si put up with, bali "we had to put up with the generator." Kisha itumie zamu ileile, hata kwa mwenzako. Kama mgeni amekuuliza jambo usilolijua, anza na hii, na uitimize kabla zamu haijaisha: "I'll look into it and get back to you," yaani nitalichunguza kisha nikurudishie jibu.